Kutoka Kipande Hadi Atachimenti: Kusaka Kazi Kibera na Kawangware

Katika miaka ya 1920, mwanamume Mwafrika aliyekuja Nairobi kutafuta kazi alibeba wasifukazi wake shingoni. Ilikuwa karatasi iliyokunjwa ndani ya kijaluba cha bati na kuning'inizwa kwa kamba, nayo ikaitwa kipande. Humo mliandikwa jina lake na kabila lake, zikatiwa alama za vidole vyake, kisha jina la tajiri wake, mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachishwa. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Tajiri akikataa kutia sahihi ya kumwachilia mfanyakazi, mtu huyo hakuweza kuajiriwa kwingine, na akijiondokea alisakwa kwa kosa la utoro. Sifa zake zote za kazi ziliandikwa na mtu mwingine, mara nyingi kwa lugha ambayo mwenyewe hakuweza kuisoma.

Chuki dhidi ya kipande ni miongoni mwa mambo yaliyomwinua Harry Thuku, aliyekuwa akipokea simu katika idara ya hazina ya serikali ya kikoloni kabla ya kuongoza chama cha East African Association mwaka 1921. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi ukidai aachiliwe. Tarehe 16 polisi walifyatua risasi wakaua zaidi ya watu ishirini, akiwamo Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewatia hamasa wanaume waliokuwa wakisitasita. Kipande kilidumu hadi mwaka 1947, kilipobadilishwa kwa kitambulisho cha watu wa rangi zote. Hata hivyo, desturi kiliyoizoesha Nairobi haikuondoka nacho. Anayetafuta kazi aliendelea kudaiwa karatasi ya mkubwa fulani na mtu wa kumsemea, na kijana wa chuo kikuu anayetoka Kibera au Kawangware leo hukutana na madai hayo mawili kabla hata hajavaa joho.

Kibera yenyewe ilizaliwa na ajira. Wakazi wake wa kwanza walikuwa Wanubi, yaani askari wenye asili ya Sudan waliotumikia kikosi cha King's African Rifles, pamoja na jamaa zao. Walianza kukaa katika msitu ule mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 ekari 4,197 zikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Askari mstaafu alipewa kibali cha kujenga na kulima, asipewe hati ya kumiliki. Mtaa ulikuwa kama kiinua mgongo cha watu waliomaliza utumishi, na aliyetaka kukaa huko ilimbidi aonyeshe kwamba yeye au baba yake alikuwa amebeba bunduki ya serikali. Wana wengi wa Kinubi walifuata nyayo za baba zao katika jeshi na polisi, kwa kuwa huko jina la baba lilijulikana. Mwaka 1928 eneo hilo lilitolewa mikononi mwa jeshi likawekwa chini ya utawala wa kiraia, na miaka michache baadaye Tume ya Carter, iliyochunguza masuala ya ardhi nchini, ikasema kuwa Wanubi wa Kibera walikuwa wapangaji tu wa Taji la Uingereza, wanaoweza kuondolewa wakati wowote. Madai yao ya ardhi yalichukua karibu karne nzima: ni mwaka 2017 tu ndipo jamii hiyo ilipokabidhiwa hatimiliki ya pamoja, kwa ekari 288.

Upande wa Dagoretti, ilipo Kawangware, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kawangware ilikuwa ukingoni mwa ardhi ya Wakikuyu, nje ya mpaka wa mji, na mashamba yake yalikuwa ya koo na familia, baadaye yakapata hatimiliki. Majirani wa upande wa mjini walikuwa mapadre wa misheni ya Mtakatifu Austin, waliopanda kahawa huko tangu mwisho wa karne ya 19, na baada yao walowezi na maafisa waliojenga majumba katika eneo tunaloliita Lavington. Kwa hiyo Kawangware ilijifunza kutafuta kazi kwa miguu, mlango hadi mlango, katika mashamba, majiko na malango ya majirani. Mpishi au mtunza bustani ambaye mwajiri wake alikuwa anarudi Uingereza aliomba barua ya sifa, akaihifadhi kuliko fedha. Barua iliyosema kuwa fulani ni mwaminifu na hanywi pombe ilimfungulia nyumba nyingine mbili au tatu, na wakati mwingine ikamfungulia binti yake pia. Wakati wa uhuru Dagoretti ilipoingizwa ndani ya mipaka ya Nairobi, mtaa ulijaa vyumba vya kupangisha vilivyojengwa na wenye ardhi, na basi namba 46 likawa jina la kituo, kisha jina la sehemu nzima ya mtaa.

Mtu akiuliza kwa nini kazi za Nairobi zina harufu ya ukabila hadi leo, sehemu ya jibu ipo Aprili 24, 1954. Siku hiyo serikali ya kikoloni ilianzisha Operesheni Anvil, msako wa wafuasi wa Mau Mau. Wanajeshi waliuzingira mji, wakawakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakawapeleka katika kambi za kizuizini. Ofisi, karakana na bohari zilibaki na nafasi tupu, nazo zikajazwa na Waluo, Waluhya na Wakamba. Kila aliyeingia aliwaita ndugu zake. Mjomba wa reli alimleta mpwa wa reli, na msimamizi wa bohari akawa ofisi ya ajira ya kijiji kizima cha Siaya au Kakamega. Uhuru ulipowadia mambo yakageuka tena, na waliofungiwa nje mwaka 1954 wakadai nafasi zao. Si haki kuwalaumu wananchi wa kawaida kwa desturi hii. Mtu asiye na cheti, asiye na anwani na asiyejua Kiingereza alikuwa na dhamana moja tu, nayo ni kujulikana na mtu aliyekwisha kuingia.

Kwa waliosoma, mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 ulikuwa msimu wa neema. Royal Technical College, mama wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliyopangwa na Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, na marafiki zake wa Marekani iliondoka na wanafunzi 81 waliokwenda kusoma huko, na mamia wengine wakafuata. Mboya mwenyewe alikuwa kielelezo cha njia fupi kati ya darasa na mshahara: alifuzu kama mkaguzi wa afya mwaka 1950, na punde akawa anafanya kazi hiyo chini ya baraza la mji wa Nairobi. Baada ya mwaka 1963 serikali ilihitaji Waafrika wa kukalia viti vya maafisa Waingereza waliokuwa wakiondoka, na idadi ya waliohitimu ilikuwa ndogo kiasi kwamba waajiri ndio waliokuwa wakitafuta watu. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hakuhitaji mkakati wowote.

Hata wakati huo mlango haukuwa sawa kwa wote. Wangari Maathai aliondoka Kenya mwaka 1960, akasoma biolojia katika chuo cha Mount St. Scholastica huko Kansas, kisha akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Alirudi Nairobi Januari 1966 akiwa na barua ya kumteua kuwa msaidizi wa utafiti katika idara ya zuolojia ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa bado chuo kishiriki. Alipofika kuripoti, aliambiwa kazi imepewa mtu mwingine. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba aliona jinsia yake na kabila lake kuwa ndizo sababu. Huyu ni mtu aliyekuwa na barua yenye sahihi mkononi, na bado alijikuta akizunguka mji akiulizia kazi, hadi profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, alipomchukua katika idara ya anatomia ya mifugo. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamifu. Kisa chake kinastahili kukumbukwa na kila anayewaambia wanafunzi kwamba cheti kizuri kinatosha. Mwaka 1966, wakati nchi ilikuwa na njaa ya wasomi, hakikutosha.

Wasio na cheti walikuwa tayari wamejaa mjini. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi makubaliano ya pande tatu: waajiri wa kibinafsi waongeze wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15, na vyama vya wafanyakazi visigome wala kudai nyongeza ya mshahara kwa muda huo. Wasio na kazi waliambiwa waende kujiandikisha. Walijitokeza zaidi ya 200,000. Wengi walikuwa wameacha mashamba yao baada ya kusikia kwamba mji unaajiri, na waliokosa nafasi hawakurudi nyumbani. Walitafuta chumba. Kibera na Kawangware ndiko chumba kilikopatikana kwa bei waliyoiweza, na kutoka huko mtu angefika kazini kwa miguu.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya ambayo wataalamu huirejelea hadi sasa. Wajumbe wake waliona jambo ambalo wakazi wa mitaa hii walilijua siku zote: tatizo kubwa la Nairobi halikuwa watu wanaokaa bure. Lilikuwa watu wanaofanya kazi kutwa, wakiunda masufuria, wakishona nguo na kuuza mboga, na bado wanalala maskini. Ripoti iliishauri serikali iache kuwavunjia vibanda. Ushauri huo ulichukua miaka mingi kusikika, na mabuldoza hayajaisha hadi leo.

Vijiji vya Kibera vilichorwa na mitandao ileile ya ndugu kuitana kazini. Jina la Kisumu Ndogo linatosha kueleza. Mgeni alishukia kwa ndugu, akalala sakafuni, na alfajiri akafuatana na mwenyeji kwenye njia ya reli kuelekea Industrial Area, ambako wasimamizi walijitokeza langoni na kuchagua vibarua kwa kuwanyooshea kidole. Aliyekuwa na mtu ndani alitajwa kwa jina. Mchezo wa kandanda pia ulikuwa njia. Kampuni kubwa na mashirika ya umma, kama Kenya Breweries, posta na benki, yalikuwa na timu zao, na kijana mwenye mguu mzuri aliweza kupata kazi ya ukarani au ya ghalani ili avae jezi ya kampuni. Kwa wanawake soko lilikuwa, na bado lipo, kando ya barabara zinazotoka Kawangware kwenda Lavington na Kileleshwa. Akina mama fua hukaa hapo tangu asubuhi wakingoja mwenye nguo za kufuliwa. Bei hupatanwa papo hapo, na asiyejulikana huchukuliwa wa mwisho.

Kisha vyuo vikafunguka wakati ajira zilipokuwa zikifungwa. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984, Kenyatta mwaka 1985, Egerton mwaka 1987. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, na mwaka 1990 vyuo vikapokea kwa pamoja wanafunzi wa kwanza wa mfumo huo na wa mwisho wa ule wa zamani. Katika miaka hiyo ya 1990 Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zilishinikiza serikali ipunguze watumishi wake, na maelfu wakastaafishwa mapema. Mwaka 1998 ndio wa kukumbukwa zaidi. Mwaka huo Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) iliacha kumpa kazi moja kwa moja kila mwalimu aliyehitimu, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha masomo ya kujilipia. Wazazi waliuza ng'ombe na viwanja kununua shahada ambayo serikali ilikuwa imeacha kuitolea ahadi. Hakuna waziri aliyesimama kuwaeleza jambo hilo kwa lugha nyepesi, na hilo ni kosa lisilopaswa kusahaulika.

Miaka ya 1990 ndiyo iliyomfanya mhitimu wa Kenya kuwa mtembezi. Bahasha ya kaki yenye nakala za vyeti, viatu vilivyoliwa visigino na ngazi za majengo ya Harambee Avenue na Moi Avenue zilikuwa maisha ya watu wengi. Kwa mkazi wa Kibera kikwazo kilianzia kwenye mstari wa juu wa barua. Barua ya kuomba kazi ilihitaji sanduku la posta, na mtaa wa mabanda haukuwa nalo. Watu waliazima sanduku la kanisa, la shule ya msingi, la duka la rafiki au la mjomba aliyefanya kazi wizarani. Barua ya kuitwa kwenye mahojiano ilipita mikono minne kabla ya kufika vijiji vya Gatwekera au Laini Saba, na mara nyingi ilifika siku ya mahojiano imekwisha pita. Ni vigumu kuhesabu ni kazi ngapi zilipotelea njiani namna hiyo, lakini kila familia ya rika hilo ina hadithi yake.

Simu ya mkononi iliondoa kikwazo hicho. Safaricom na Kencell zilipoanza kupanua huduma mwaka 2000, nambari ya simu ikawa anwani ambayo mwenye chumba cha mabati aliweza kuimiliki. Saiba, yaani vibanda vya intaneti, zikafunguliwa Makina, Olympic, Kawangware Stage 2 na karibu kila kituo cha matatu. Mhudumu wa saiba akawa mshauri wa ajira bila kuteuliwa na mtu. Alichapa wasifukazi, akasahihisha Kiingereza, akafungua barua pepe na kumkumbusha mteja nywila yake. Matapeli nao walifika mapema. Tangazo la kazi ya uwanja wa ndege lenye kudai ada ya usajili kupitia M-Pesa limewala vijana wengi, na yeyote anayewashauri wanafunzi hana budi kuwaambia kwamba mwajiri wa kweli hadai pesa.

Karatasi, hata hivyo, ziliongezeka. Kwa kijana wa Kinubi wa Kibera shida ilianza akiwa na umri wa miaka 18. Kwa miongo mingi alitakiwa kufika mbele ya kamati ya ukaguzi ili athibitishe kuwa ni Mkenya, akibeba nyaraka za wazazi na hata za babu zake, ilhali mwanafunzi mwenzake wa kabila lingine alipata kitambulisho bila kuulizwa hayo. Asiye na kitambulisho hana nambari ya ushuru, hana M-Pesa kwa jina lake, na maombi ya mkopo wa masomo hukwama. Wengine walipoteza mwaka mzima au zaidi. Machi 2011 Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi. Nubian Rights Forum, shirika lililotoka Kibera, lilikuwa miongoni mwa waliofika Mahakama Kuu kupinga jinsi Huduma Namba, mfumo mpya wa utambulisho wa kidijitali, ilivyoanzishwa, na Januari 2020 mahakama ikaisimamisha hadi sheria ya kutosha itungwe. Wajukuu wa askari waliopewa msitu kwa utumishi wao walilazimika kwenda mahakamani ili wahesabiwe sawa na majirani.

Kwa wengine wote kulikuja rundo la vyeti vya uadilifu, baada ya Katiba ya 2010 na sura yake ya sita kuhusu uongozi. Lengo lilikuwa kuwachuja viongozi. Taratibu rundo hilo likawashukia makarani na wanagenzi: cheti cha maadili mema kutoka idara ya upelelezi, cheti cha Mamlaka ya Ushuru, cha Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, cha Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, na cha shirika la kukagua mikopo. Baadhi yavyo vilikuwa vya kulipiwa, na cha upelelezi pekee kilizidi shilingi elfu moja. Mtu ambaye hajawahi kushika mshahara alidaiwa athibitishe kwamba amelipa ushuru. Malalamiko ya vijana yalisikika bungeni, na mwaka 2022 sheria ya ajira ikarekebishwa ili mwajiri asidai vyeti hivyo kabla ya kuamua kumpa mtu kazi. Mwanafunzi anapaswa kuijua sheria hiyo, kwa sababu mazoea ya ofisi huwa nyuma ya sheria kwa miaka kadhaa.

Takwimu za mwaka 2023 zinaonyesha mhitimu aliingia soko la namna gani. Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) liliripoti kuwa mwaka huo uchumi ulizalisha nafasi mpya zipatazo 848,000, na takriban 721,000 kati ya hizo zilikuwa za jua kali, yaani sekta isiyo rasmi. Kwa hesabu hiyo, kazi yenye barua ya kuajiriwa na malipo ya uzeeni ilikuwa chini ya moja katika kila sita. Wanaohitimu wanaligundua hilo mapema kuliko wanasiasa. Wengine wamesimama barabarani na mabango yenye daraja zao za shahada. Wengine wamegeukia kazi za mtandaoni, ambazo serikali ilianza kuzitangaza kupitia mpango wa Ajira Digital katika nusu ya pili ya miaka ya 2010, na ambazo Samasource, shirika lililoanzishwa na Leila Janah mwaka 2008, lilikuwa likiwafundisha vijana wa mitaa ya Nairobi tangu mapema. Kazi hizo zililipa kodi ya nyumba nyingi Kibera. Pia zimezua kesi mahakamani kuhusu ujira mdogo na madhara ya kutazama picha za kutisha, kwa hiyo hazifai kuuzwa kwa vijana kama wokovu.

Je, mwanafunzi wa mitaa hii hufanya nini kabla ya kuhitimu? Wanaofanikiwa huonekana kuanza mwaka wa kwanza au wa pili, na huanza karibu na nyumbani. Kibera ni miongoni mwa mitaa iliyotafitiwa sana Afrika, na utafiti unahitaji wakusanya data wanaojua vichochoro na lugha za wenyeji. Katika vijiji vya Gatwekera na Soweto, taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI na wenzake wa CDC wa Marekani wamefuatilia magonjwa ya kuambukiza kwa miaka mingi, wakishirikiana na Zahanati ya Tabitha ya shirika la Carolina for Kibera, lililoanzishwa mwaka 2001. Mwaka 2009 vijana walishika vifaa vya GPS wakachora ramani ya mtaa wao chini ya mradi wa Map Kibera, ramani ambayo serikali haikuwahi kuwapa. Kennedy Odede, kijana wa Kibera, alianzisha shirika la SHOFCO mwaka 2004 kwa mpira mmoja wa kandanda, na leo shirika hilo lenyewe ni mwajiri. Sensa ya Agosti 2019, ya kwanza kutumia vishikwambi, iliwahitaji makarani kutoka kila eneo, na chaguzi za 2013, 2017 na 2022 vilevile. Mwanafunzi aliyefanya kazi hizo kwa wiki mbili tatu ana jambo la kuandika kwenye wasifukazi wake, na ana msimamizi anayeweza kupigiwa simu. Huyo msimamizi ndiye mdhamini wake wa kwanza asiye wa ukoo.

Suala la anwani bado linaumiza. Vijana wengi wa Kibera wamezoea kuandika Lang'ata au Ngong Road, na wa Kawangware huandika Lavington, wakihofia kwamba jina la mtaa litawafunga nje kabla ya kuonwa. Hadi mwaka 2013, eneobunge la Kibra lilipoundwa, anayeandika Lang'ata hakuwa hata akidanganya, maana Kibera ilikuwa ndani ya eneobunge hilo. Kuna waajiri ambao wameanza kuliona jina hilo kwa jicho lingine, hasa mashirika ya afya na ya takwimu, lakini hofu haijaondoka, na lawama ni ya wanaochuja watu kwa mtaa.

Jambo kubwa kuliko yote ni mafunzo ya kazini, ambayo wanafunzi huyaita atachimenti. Vyuo vingi huyadai kabla ya kuhitimu, kwa kawaida wiki nane hadi kumi na mbili, na kwa wengi ndiyo mara ya kwanza kuingia ofisi kwa haki. Hapo ndipo tofauti ya mitaa hujitokeza. Mtoto wa Lavington hupelekwa kwa gari na hutafutiwa nafasi na rafiki wa mzazi. Mtoto wa Kawangware, mita mia chache kutoka hapo, hupewa na chuo barua moja ya utambulisho, huitoa nakala, kisha hutembea nayo. Kwa kuwa nafasi nyingi hazilipi hata nauli, hesabu yake huwa ya matatu, chakula cha mchana na nguo. Soko la Toi, lililowahi kuungua zaidi ya mara moja na kujengwa upya na wachuuzi wenyewe, limewavisha wanagenzi wengi suti na viatu vya mtumba. Wengine hutembea asubuhi na kupanda matatu jioni, ili wasifike ofisini wakitokwa na jasho.

Tangu mwaka 2019 Tume ya Utumishi wa Umma imekuwa ikichukua wahitimu kwa uanagenzi wa mwaka mmoja wenye posho, hatua iliyowasaidia wale wasio na jamaa serikalini kwa sababu maombi hutumwa mtandaoni. Sheria ya Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 nayo inakataza ofisi ya umma kujaza zaidi ya theluthi ya nafasi zake kwa watu wa kabila moja. Kinga hizo mbili hazimfikii anayetafuta atachimenti ya miezi mitatu, ambayo kwa kawaida haitangazwi gazetini wala haina mahojiano rasmi. Huko bado neno la mtu wa ndani lina uzito. Mwanafunzi wa Kibera au Kawangware hulitafuta kwa mhadhiri, kwa kiongozi wa kanisa au msikiti, kwa kocha, na kwa mhitimu wa mtaa wake aliyetangulia miaka miwili. Wanaoanza kupeleka barua Januari kwa ajili ya nafasi za Mei hupata muda wa kurudi ofisini mara ya pili na ya tatu, kumjua karani anayepokea bahasha kwa jina, na kuuliza kama faili yao imefika kwa mkuu wa idara.